Dongobesh Kuna Nini

Mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi, kila anayepanda gari langu anataka kujua kwa nini siku hizi nina hita inayofanya kazi hapa Singida, mahali ambapo mtu mwenye akili zake anatafuta kiyoyozi. Wengine mmeniuliza kuhusu msiba, kwa upole, nami nimekuwa nikijibu "tulimzika salama" na kubadilisha mazungumzo. Maswali hayo mawili jibu lake ni moja, na ni refu. Kwa hiyo naliandika mara moja, msome wote, halafu mniache.

Singida hadi Tlawi

Mama Mkubwa Anastazia alikuwa dada pekee wa mama yangu. Yeye aliolewa bondeni, Getanuwas, upande wa Hanang. Mama akaolewa palepale juu, Tlawi, karibu na Mbulu mjini. Bibi yetu alikufa wakiwa wadogo, na Mama Mkubwa ndiye aliyemlea mdogo wake: alimbeba mgongoni, alimpikia, alimfunika usiku. Mama akisema "mama yangu", mara nyingi anamaanisha dada yake.

Mwezi wa saba Emanueli, mtoto wa Mama Mkubwa, alinipigia simu. Alisema mama yake ameacha kula, na kwamba hadai chochote isipokuwa mdogo wake aletwe amwone.

Sasa hapo palikuwa na tatizo. Mama mwenyewe alikuwa ametoka kuugua nimonia, na daktari alimwambia waziwazi kwamba kifua kile kikipigwa baridi tena asije akamlaumu mtu. Mnaoijua Mbulu mwezi wa saba hamhitaji maelezo. Basi dogo la alfajiri madirisha yake hayafungi, na abiria wa mwisho husafiri na mlango wazi. Ndiyo maana nikamwambia Emanueli, tena kwa majivuno, "Usihangaike. Nitamfuata mimi mwenyewe. Gari langu lina hita."

Lilikuwa nayo kweli. Kitufe chake chenye alama nyekundu nilikuwa nakiona kila siku. Lakini tangu nilinunue gari lile sikuwahi kukigusa, kwa sababu hapa kwetu joto la bure linatosha.

Nilipita Katesh mchana, Mlima Hanang umejifunika wingu hadi mabegani, nikaiacha njia ya Getanuwas bila kukata kona. Nilijiambia nitamsalimia Mama Mkubwa kesho, nikiwa na mdogo wake, ili furaha iwe moja. Jioni niliingia Tlawi. Mama alinipa ugali kwa maziwa ya mgando na mboga za majani, tukala tukiwasikiliza ndama wakipumua nyuma ya kizuizi cha miti. Kwetu bado wanalala ndani. Mara ngapi nimemwambia mama nimjengee banda, na kila mara ananijibu kwamba ndama wakitoka, nyumba itapoa.

Tlawi hadi Dongobesh

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba sikuona gari lilipo mpaka nilipoligonga kwa goti. Mama alitoka amevaa sweta mbili, kanga, shuka zito la mistari, na kofia ya sufu ya marehemu baba. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo kondoo jike mweusi mwenye mkia mnene.

"Mama, huyo anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwa dada. Nilipougua nikiwa mtoto, alinipaka mafuta ya kondoo hapa kifuani, akanipa supu. Sasa ni zamu yangu."

Sikubishana. Nilitandika magunia nyuma ya viti, nikamfunga kondoo miguu na kumlaza pale. Gari lilikuwa tayari linanuka vitunguu swaumu, maana mama alikuwa ameweka gunia la mavuno yake kwa ajili ya wakwe wa Getanuwas. Nikajua harufu hizo mbili nitaishi nazo mwaka mzima.

Tulipoondoka nilizungusha kitufe mpaka mwisho kwenye alama nyekundu, nikafungua feni. Ilivuma vizuri, kwa nguvu, na upepo wake ulikuwa wa baridi.

"Gari bado halijapata moto, mama. Subiri kidogo."

Tukapita Mbulu mjini, watu wamejikunja milangoni mwa maduka na mikono kwapani. Upepo ule ule. Tukashika barabara ya Dongobesh. Mama alinyoosha mkono mbele ya tundu la hita, akalikaza shuka.

"Baba, huu upepo unaotoka hapa, ndiyo hita?"

"Ndiyo, mama. Ina shida kidogo."

"Basi izime. Baridi ya nje inatutosha."

Nikaizima. Lakini vioo vilijaa mvuke mara moja nikawa sioni barabara, ikabidi niiwashe tena, na mama akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe mliokaa na mgonjwa wa kifua mnakijua: kinaanza kidogo, kisha kinakataa kuisha. Niliogopa sana. Nilimwona daktari akininyooshea kidole, na nilimwona Emanueli nikimletea mgonjwa wa pili badala ya mgeni.

Kikohozi kilipompa nafasi, mama aligeuka akamtazama kondoo.

"Nisikilize. Simamisha hapa, mlete huyo miguuni kwangu. Atanipa joto mpaka tufike."

"Mama, hili ni gari, si nyumba."

"Mwili wake ni ule ule."

"Tutatengeneza hita Dongobesh. Kazi ndogo tu."

Alinyamaza. Mama yangu akinyamaza hakubali, ila ameona umri wake hauruhusu kubishana na mtoto aliyeshika usukani.

Dongobesh

Nilielekezwa kwa fundi mmoja, Hamisi, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Kondoa kuja kufanya biashara pale. Gereji yake ni uwanja wa udongo mweusi wa oili kando ya mgahawa wa mke wake. Alikuja akifuta mikono, akamwinamia mama dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ndani ukae karibu na jiko. Hili tutalimaliza sasa hivi."

"Sasa hivi" ni neno ninalolichukia tangu siku ile. Mama aliketi mgahawani mbele ya jiko la mkaa, akaletewa chai ya maziwa na kande, na nikamwona rangi ikimrudia usoni. Nikaona nimefanya jambo la maana. Emanueli akapiga. Kwao mtandao unapatikana mpaka upande kilimani, kwa hiyo nilijua ameacha kitanda cha mama yake na kupanda juu ili aniulize.

"Mmefika wapi, kaka?"

"Dongobesh. Tunatengeneza hita, tunakuja."

"Sawa. Anawaulizia."

Hamisi alianza na fyuzi, kisha akaziacha, maana feni ilikuwa inazunguka. Akasema bila shaka mabomba madogo ya hita yameziba, kwa kuwa hayajapitisha maji ya moto miaka na miaka. Akafungua mipira yake ya maji nyuma ya injini, akaingiza maji kwa nguvu upande mmoja, na upande wa pili ikatoka kutu, nyekundu kabisa. Mimi nilifurahi kuiona ile kutu. Mtu anapohangaika na gari, uchafu ukitoka anaamini ugonjwa umetoka nao. Akasukuma maji tena na tena mpaka yakatoka meupe. Akafunga mipira, mmoja ukapasuka kwa uzee. Akatuma mtu dukani, wa saizi ile hakuna. Akakata kipande cha mpira wa gari jingine, kikawa kipana. Akakikaza kwa waya.

Katikati ya hayo swala ya mchana ikafika, akaenda msikitini. Simlaumu. Emanueli akapiga tena.

"Mmefika wapi?"

"Bado Dongobesh. Tunamalizia."

Safari hii alisema sawa tu, akakata simu.

Mama alikuwa amekuja mara mbili kusimama nyuma yangu. Mara ya kwanza alisema, "Twende tu." Mara ya pili alikwenda kumfungua kondoo miguu ili anyooke, akakaa karibu naye na kumpa majani ya kabichi kutoka mgahawani.

Hamisi aliporudi tuliwasha injini, tukangoja. Upepo wa baridi. Ndipo akashika mpira mkubwa unaoingia kwenye rejeta, akaushika kwa kiganja kizima, muda mrefu, akanitazama.

"Injini yenyewe haijapata moto, bosi. Maji yanazunguka tu, yanapoa. Themostati unayo?"

Nikakumbuka. Zamani gari lilipochemsha, fundi wangu wa Singida alikitoa kile kifaa kinachozuia maji yasiingie kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akanikabidhi mkononi kama jino lililong'olewa. "Hiki ni cha nchi za baridi," alisema. "Huku kwetu kinachemshia watu magari." Nilimshukuru. Nilikitupa.

"Ilitolewa," nikasema.

Hamisi alicheka bila furaha. "Mimi mwenyewe nazitoa. Mteja anakwenda Dodoma, anakwenda Dar, anataka nimtolee." Akaingia bandani akarudi na kopo la rangi, akalimwaga chini. Zilikuwa themostati tupu, za kila aina, zote alizowatolea watu. Tulizipima moja moja. Hakuna iliyokaa kwenye injini yangu.

Alipiga simu Babati, wakamwambia wanayo, ila itapanda basi la kesho. Kesho! Nilikaa kwenye tairi bovu nikashika kichwa, nikamweleza kuna mgonjwa anatungoja. Basi Hamisi, kwa kunionea huruma, akachukua boksi la sabuni, akalikata na kulifunga kwa kamba mbele ya rejeta lisipate upepo. Alisema injini itapata moto angalau kidogo, na kwamba tukifika chini kwenye jua nilitoe.

"Usisahau kulitoa," alisema.

"Nitasahauje?" nikamjibu.

Dongobesh hadi Katesh

Jua lilikuwa limeshapinduka tulipoondoka. Nilisimamisha gari nje kidogo ya senta, nikamnyanyua kondoo kutoka nyuma bila kuambiwa, nikamlaza miguuni kwa mama. Aliingia pale kana kwamba palitengenezwa kwa ajili yake. Mama alivua viatu, akaingiza miguu chini ya tumbo lile la manyoya, akajifunika yeye na kondoo kwa shuka moja.

"Haya," alisema.

Nilitamani anifokee. Hita ilikuwa inatoa hewa ya uvuguvugu usiofaa hata kukausha leso, na mama yangu alikuwa amepata joto, na hakukohoa tena. Dawa ilikuwa ndani ya gari tangu Tlawi, ikinitazama kwenye kioo asubuhi nzima.

Njiani aliniambia kwamba walipokuwa wadogo walilala hivyo, yeye na dada yake, kwenye ngozi moja kati ya ndama na ukuta. Dada alilala upande wa ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa baridi. Mama alikuwa mtu mzima kabla hajajua kwamba upande wa ukuta ni baridi.

Tuliteremka ukingo wa bonde kuelekea Dareda taratibu, breki zikinuka. Chini, hewa ilibadilika. Tulishusha vioo, nikazima feni, tukashika lami. Nilikimbiza gari nilivyoweza. Akili yangu yote ilikuwa kwenye saa na kwenye mlima uliokuwa unakua mbele yetu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama dakika moja nitoe boksi.

Katesh tulinunua ndizi na maji, kwa haraka, bila hata kuzima injini. Mama hakula. Alisema atakula na dada.

Katesh hadi Getanuwas

Barabara ya kwenda Getanuwas ni ya vumbi, na kwa gari langu inataka mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Jua la alasiri lilitupiga usoni. Injini ikiwa na blanketi lake, tukitambaa vile, ilifanya ilichotakiwa kufanya asubuhi: ilipata moto. Mshale wa joto ulipanda, mimi nikitazama mashimo, na nilipoutazama ulikuwa umefika mwisho. Moshi mweupe ukatoka pande zote za boneti, maji yakachuruzika barabarani.

Nilishuka nikaliona boksi. Nililishika, lilikuwa la moto, limelegea, kona moja imeshuka na kufunika namba za gari. Chupa ya maji tuliyonunua haikutosha hata kulowesha rejeta.

Ndipo wakatokea wafugaji wawili na fimbo zao, kijana mmoja na mzee wake, wamefuata moshi. Niliwasalimia, nikamwamkia mzee. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye namba zilizofunikwa, kisha kwenye kondoo aliyekuwa ametoa kichwa chini ya shuka la mama.

"Huyo kondoo ni wa nani?" mzee akauliza.

"Wa mama."

"Kwa nini mmemfunika?"

"Baridi."

Alitazama jua. Akamtazama mwenzake. Nilipata picha yetu kama wao walivyoiona: gari dogo la mgeni, namba zimefichwa kwa boksi, mnyama amefichwa chini ya shuka, na dereva anayesema kuna baridi wakati jasho linamdondoka. Ukanda ule watu wameibiwa mifugo kwa magari madogo kama langu. Kijana alikwishasogea akasimama mbele ya gari, fimbo mabegani.

"Boksi hili ni la nini?"

Nikaanza kueleza habari za themostati. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi. Niliwaambia nimeziba rejeta ili gari lipate moto, na gari lilikuwa mbele yao linachemka. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema tutamngoja mwenyekiti wa kitongoji, ametumiwa mtu.

Nilipandisha sauti. Nilisema tuna mgonjwa, tunachelewa, wao ni watu gani. Mambo kama hayo hayajawahi kumsaidia mtu. Mama akafungua mlango. Alishuka polepole, pekupeku, kofia ya baba kichwani, akasimama kwenye vumbi.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ni mdogo wake Anastazia. Yule mama yake Emanueli. Anaumwa, nampelekea kondoo wa mafuta. Huyu ni mtoto wangu, hajui kuongea akiwa na hofu."

Uso wa mzee ulibadilika palepale.

"Anastazia wa pale kwenye kisima?"

"Huyo."

"Jana nilikuwa kwake." Aligeuka akamwambia kijana maneno ya kwao, na kijana akaweka fimbo chini na kukimbia. Alirudi na dumu la maji, maji ya ndama wao, nayo huko hayapatikani karibu. Tulingoja injini ipoe, tukamimina. Mzee mwenyewe ndiye aliyekata kamba za boksi, akalikunja na kunikabidhi kama mtu anayerudisha mali ya mwenzake. "Tusameheane," alisema. "Nendeni. Nendeni sasa."

Nilijaribu kumpigia Emanueli. Simu yake haikupatikana, na nilijifariji kwamba hayuko kilimani, yuko karibu na mama yake.

Getanuwas

Tuliwaona watu wamesimama uani kabla hatujafika. Wanawake walikuwa wamekaa chini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi mkononi. Jua lilikuwa bado juu ya vilima.

Emanueli alikuja upande wangu wa gari. Hakunisalimia. Alishika mlango akasema, "Sasa hivi tu, kaka. Maji ya chai yaliyokuwa jikoni hayajapoa."

Mama alikwishashuka. Alipita katikati ya watu akiwa bado pekupeku, nami nyuma yake, mpaka chumbani. Mama Mkubwa alikuwa amelazwa ubavu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, uso wake umefunikwa kwa kanga. Mama hakufunua uso. Alikwenda upande wa miguu, akaingiza mikono chini ya blanketi, akaishika miguu ya dada yake.

"Bado ana joto," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetupa habari. Kisha alipanda kitandani, upande wa ukuta, akalala nyuma ya dada yake na kuwafunika wote wawili kwa lile shuka la mistari. Mwanamke mmoja alitaka kumtoa, Emanueli akamzuia. Tulitoka nje. Alikaa mle mpaka kuta zikawa na giza, na alipotoka mwenyewe, nilijua kwa jinsi alivyojikunja kwamba joto lilikuwa limekwisha.

Usiku ule hakuna aliyenilaumu, na ndicho kilichonichoma. Emanueli alinieleza alivyoondoka mama yake, akiamini ninataka kujua. Alisema asubuhi alikuwa na nguvu, akaomba avalishwe kanga nzuri kwa sababu ya mgeni. Kila aliposhuka kilimani, mama yake alimuuliza, "Wamefika wapi?" Akamwambia Dongobesh. Baadaye akauliza tena, akamwambia Dongobesh. Mara ya tatu alifungua macho, akamkazia mwanawe.

"Dongobesh kuna nini?"

Emanueli alimwambia gari linatengenezwa. Hakumwambia ni hita, kwa sababu hakuona namna ya kumweleza mtu anayekufa jambo kama hilo.

Tulimzika kando ya shamba la alizeti, mlima ukiwa wazi siku hiyo bila wingu hata moja. Yule mzee wa njiani alikuja na kijana wake, akashika koleo. Kondoo alichinjiwa waombolezaji. Nililetewa nyama yake kwenye sahani, nikaipeleka kwa watoto.

Kurudi juu

Mama alikataa kubaki, na alikataa kuja nami Singida. Alisema ndama wake hawana mtu. Kwa hiyo tulirudi kwa njia ile ile, yeye akiwa amekaa kiti kile kile, miguu ameisogeza pamoja mahali alipokuwa amelala kondoo. Manyoya machache meusi yalikuwa bado kwenye zulia.

Dongobesh Hamisi alituona kwa mbali, akaja mbio akiwa ameshika kiboksi kidogo cha karatasi. Themostati ilikuwa imefika tangu kesho yake kama alivyoahidi. Alifurahi kutuona mpaka alipoiona kanga nyeusi ya mama. Alisimama, akavua kofia.

"Mlimkuta?"

"Hatukumkuta," mama alisema. "Fanya kazi yako mwanangu, Mungu akubariki."

Alifungua nati chache, akaweka kile kidude, akafunga, akajaza maji. Mama hakushuka. Kazi yote ilikwisha kabla mke wa Hamisi hajamaliza kutuchemshia chai.

Tulipoanza kupanda, ukungu ulikuwa unashuka kutupokea. Niliwasha feni, nikazungusha kitufe kwenye alama nyekundu, nikaweka macho barabarani. Mwanzoni baridi. Halafu, kidogo kidogo, hewa ikalainika, ikawa ya vuguvugu, ikawa ya moto kweli, na kioo kikaanza kusafika kuanzia chini.

Mama alitoa mkono ndani ya shuka. Aliuweka mbele ya tundu, akaugeuza, kiganja kisha mgongo wa mkono.

"Kumbe ni hili tu," alisema.

Akaurudisha mkono ndani, akaegemea dirisha akitazama nje, ingawa nje hapakuonekana kitu. Nilitamani kuizima. Lakini kifua chake bado kilikuwa hakitaki baridi, basi nikaiacha ipulize mpaka Tlawi.